Langston Hughes na Nyimbo za Bluzi

Diwani ya kwanza ya Langston Hughes, The Weary Blues, ilitoka New York mwezi wa Januari 1926, na mwezi uliofuata malenga mwenziwe, Countee Cullen, akaipima katika gazeti la Opportunity. Vijana hawa wawili walikaribiana umri, wote wawili wakihesabiwa kuwa watunzi wa Harlem, na kila mmoja akitajwa kuwa ni tumaini la ushairi wa Wamarekani Weusi. Cullen aliandika kwa adabu, lakini kwa wasiwasi. Alikiri kipawa cha mwenziwe; bali zile tungo zilizofuata mapigo ya jazi hakuweza kuzikubali kwa moyo mkunjufu. Aliona shaka kama zastahili kuketi katika baraza moja na ule ushairi mtukufu ambao wakosoaji wa zama nyingi wamekwisha kuupa cheo chake. Cullen mwenyewe alikuwa mfuasi wa Keats na mpenzi wa soneti, na mtu hupima kwa pishi aliyo nayo.

Walakini shaka ile haikuwa ya mtu mmoja, wala haikwisha pamoja na zama zake. Mtunzi achukuapo wimbo wa burudani, wimbo uimbwao kwa kiingilio na kuuzwa katika sahani za santuri, huongeza nini juu ya kile alichokwisha kukiweka mwimbaji? Ikiwa haongezi kitu, basi ni mnakili tu, na afadhali msomaji aende akanunue santuri. Ikiwa anaongeza, nyongeza hiyo haina budi ionekane katika ukurasa, mahali pasipo na piano wala sauti ya mtu. Watetezi wengi wa Hughes hulikwepa swali hili. Husema kwamba aliwapenda watu wake, ndiyo maana akaimba kama wao. Mapenzi hayo hayana shaka, lakini mapenzi hayajawa kipimo cha ushairi.

Bluzi zilikuwa za zamani kuliko biashara yake. Ziliimbwa Kusini mwa Marekani, mashambani, kambini na vituoni mwa reli, bila mtu yeyote kuziona kuwa ni mali. Mwezi wa Agosti 1920 Mamie Smith aliimba Crazy Blues mjini New York kwa kampuni ya Okeh, na sahani ile ilinunuliwa kwa wingi hata makampuni yakatanabahi kwamba Wamarekani Weusi nao ni wanunuzi. Mwaka 1923 Bessie Smith akaanza kuimba kwa kampuni ya Columbia. Tangu hapo wimbo ambao jana ulikuwa wa wale walioketi mbele ya mwimbaji ukawa unasikika nyumbani kwa mtu asiyepata kumwona uso. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana mageuzi hayo, kwani Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kwa kazi ya namna hiyo hiyo, na taarabu haikubaki kama ilivyokuwa.

Hughes alizaliwa Joplin, katika jimbo la Missouri, mwaka 1901, akalelewa zaidi na bibi yake Lawrence, Kansas. Bluzi alizisikia tangu utotoni, katika barabara za Kansas City. Mwaka 1921 alifika New York kusoma katika Chuo Kikuu cha Columbia. Lakini kama alivyosimulia katika kitabu cha maisha yake, The Big Sea, kilichotoka mwaka 1940, shauku yake kubwa ilikuwa kuiona Harlem na kuutazama Shuffle Along, mchezo wa nyimbo na dansi uliotungwa na kuchezwa na Weusi na uliokuwa ukivuma mwaka ule. Chuoni hakukaa ila mwaka mmoja. Mwaka 1924 alikuwa Paris, akiosha vyombo katika jiko la kilabu cha Le Grand Duc, ambako wanamuziki Weusi kutoka kwao walipiga hata alfajiri. Kisha akarudi akakaa Washington, na huko aliwakimbia wastaarabu wenye kujisifia ukoo, akaenda kukaa na watu wa Seventh Street, waliokuwa wakila, wakicheka na kuimba bila kuwaomba radhi majirani. Asema kwamba alijaribu kutunga kama nyimbo alizozisikia katika mtaa ule.

Yafaa vilevile kuzikumbuka zile karamu za kodi. Nyumba za Harlem zilipangishwa kwa bei kali, na mpangaji aliyepungukiwa alifungua mlango wake Jumamosi usiku, akatoza kiingilio kidogo, akaleta mpiga piano, samaki wa kukaanga na pombe iliyokuwa imekatazwa na sheria. Kadi za kuwaalika watu zilipigwa chapa, na mara nyingi juu yake palikuwa na beti mbili tatu za mzaha. Hughes alizikusanya kadi hizo kama mwingine akusanyavyo stampu. Hapa burudani na dhiki vilikaa chumba kimoja: aliyecheza dansi alikuwa anamlipia mwenziwe kodi. Wazungu waliopanda motokaa kwenda Cotton Club, ambako Weusi waliruhusiwa kupiga muziki lakini si kuketi mezani, hawakuyaona hayo, na Hughes hakuificha chuki yake juu ya kilabu kile.

Sasa yatazamwe maumbile ya wimbo wenyewe. Ubeti wa bluzi wa kawaida una mishororo 3. Wa kwanza husema jambo. Wa pili hulirudia jambo lilo hilo, kwa maneno yale yale au kwa kugeuza neno moja au mawili. Wa tatu hujibu, na kina chake huafikiana na cha wale wawili. Muziki wake ni vipimo 12, kila mshororo vipimo 4. Lakini sauti haivijazi vyote. Huvijaza karibu nusu, kisha chombo, gitaa au piano au tarumbeta, hujibu katika nafasi iliyosalia. Katika shairi la Kiswahili kibwagizo hurudi mwisho wa kila ubeti, baada ya mtunzi kwenda mbali na kuzunguka. Kurudi kwake ni kama kurudi nyumbani. Katika bluzi mshororo hurudiwa papo hapo, kabla haujapoa. Faida yake kwa mwimbaji yajulikana: apata muda wa kubuni jibu, na msikilizaji apata muda wa kuitikia. Aidha sauti yaweza kuupindua mshororo wa pili kabisa. Bessie Smith aliweza kulichelewesha neno moja kwa kipigo kimoja tu, na maana ikageuka.

Lakini karatasi haina sauti. Neno lililopigwa chapa mara mbili ni neno lilo hilo mara mbili, na jicho la msomaji lina desturi ya kuruka kile lilichokwisha kukisoma. Basi kazi nzima ya Hughes katika tungo zake za bluzi imo katika mshororo ule wa pili, na hapo ndipo anapostahili kupimwa.

Katika diwani ya 1926 kazi hiyo bado hajaianza sawasawa. Utungo uliompa jina, The Weary Blues, ulikuwa umekwisha kupata tuzo ya kwanza ya Opportunity mwaka 1925, na ni mzuri; lakini ni utungo juu ya bluzi kuliko kuwa bluzi. Mtu fulani amesimama Lenox Avenue usiku, amsikiliza mpiga piano aliyeketi juu ya kiti kibovu, amwona akiyumba, asikia beti mbili za wimbo wake, kisha asimulia jinsi mpigaji alivyokwenda kulala usingizi mzito kama wa maiti. Nyimbo zimewekwa katika alama za kunukuu. Pembeni yake kuna sauti ya msimulizi aliyesoma, ajuaye sifa nyingi za kuvipamba vitu, na ambaye kila mara humwambia msomaji ahuzunike. Hughes yumo mlangoni, hajaingia ndani. Ajabu ni kwamba huu ndio utungo wake wa bluzi utiwao zaidi katika vitabu vya shule. Huenda ni kwa sababu mwalimu naye husimama mlangoni.

Mwaka 1927 alitoa diwani ya pili, Fine Clothes to the Jew. Jina hilo latoka katika utungo juu ya mtu aliyeishiwa, apelekaye nguo zake nzuri kwa mweka rehani. Liliwaudhi Wayahudi wengi, na Hughes mwenyewe baadaye alikiri kwamba lilikuwa jina baya. Jina likiwekwa kando, kitabu hiki kimeipita diwani ya kwanza mbali sana. Msimulizi ametoweka. Wanaosema ni watumishi, wapagazi, wanawake walioachwa, wacheza kamari, waumini kanisani. Mwanzoni mtunzi ameweka maelezo mafupi juu ya kanuni ya bluzi: jinsi mshororo unavyorudiwa, na jinsi moyo wa wimbo ulivyo wa majonzi karibu daima, ilhali unapoimbwa watu hucheka. Kila mshororo ameukata katikati, hata ubeti wa mishororo 3 ukawa na mistari 6. Kwa mtu asomaye haraka hilo ni jambo la mpiga chapa. La, ni jambo la mtunzi: pale mstari unapokatika ndipo pumzi inaposimama, na ile nafasi nyeupe imeshika pahali pa chombo kinachojibu.

Mfano mwema ni Midwinter Blues. Mwanamke asema kwamba mpenzi wake amemwacha katikati ya kipusa, theluji imetanda juu ya nchi, usiku wa kuamkia Krismasi. Katika ubeti ufuatao asema kwamba kuondoka kwenyewe pengine asingekujali. Linalomkera ni kwamba bwana yule ameondoka makaa yakiwa yamepungua. Habari hii ya makaa yarudiwa, kama kanuni itakavyo. Mara ya kwanza msomaji hutabasamu, kwani ni jambo la kuchekesha mpenzi kupimwa kwa ndoo ya makaa. Mara ya pili hacheki tena. Makaa yamekuwa makaa kweli. Kuna chumba, kuna baridi, na kuna mtu atakayeamka asubuhi bila moto. Ndipo mshororo wa tatu unapokuja na hukumu yake ya utaratibu, kwamba mwanamume ampendaye mwanamke hachagui wakati kama huo. Hapana machozi yaliyotajwa. Neno halikubadilika, aliyebadilika ni msomaji, kati ya mara ya kwanza na ya pili. Jambo hilo mwimbaji hulifanya kwa koo. Hughes amelifanya kwa kuchagua kitu cha kurudiwa ambacho kina nyuso mbili, mzaha mbele na dhiki nyuma, na akaiacha kanuni ya wimbo ikigeuze. Hii ndiyo nyongeza ambayo Cullen hakuiona.

Homesick Blues ni wa namna hiyo. Mtu aliyehamia Kaskazini asikia daraja la reli likimlilia, na kila gari la moshi lipitapo hutamani kurudi kwao. Mwisho asema kwamba ili asilie, hufumbua kinywa na kucheka. Yule asiyejua bluzi hudhani kicheko hicho ni uchangamfu, na Wazungu wengi wa enzi ile walilipa fedha kwenda kuutazama uchangamfu wa namna hiyo. Hughes ameonyesha mahali unapotoka.

Si kila utungo uliofaulu. Katika Po' Boy Blues kijana wa Kusini alalamika, na ubeti wa mwisho umejengwa karibu wote juu ya neno moja la uchovu, linarudi na kurudi. Mwimbaji hodari angelivuta neno hilo hata paa likatikisika. Juu ya karatasi linabaki neno lilelile, na jicho lapita. Hapa Hughes ameitegemea sauti ambayo haipo.

Lakini utungo wenye nguvu kuliko yote katika kitabu kile si bluzi, nao waonyesha vizuri zaidi jinsi burudani ya watu inavyoweza kuwa silaha. Ni Song for a Dark Girl, wa beti 3 fupi. Msichana asema juu ya mpenzi wake aliyenyongwa mtini na watu waliojichukulia sheria mikononi. Kila ubeti waanza kwa maneno yaliyotwaliwa katika Dixie, wimbo ambao Dan Emmett aliuleta jukwaani New York mwaka 1859 katika maonyesho yale ambamo Wazungu walijipaka masizi usoni na kuwaigiza Weusi, na ambao baadaye uliimbwa na askari wa Kusini waliopigania utumwa. Ni wimbo wa furaha, wa kutamani nyumbani. Hughes hakuutukana wala hakuueleza. Aliuweka tu mbele ya mti, mara 3, na kila mara wazidi kuwa mzito. Kila Mmarekani aliusoma akiwa na sauti ya wimbo tayari kichwani, na sauti hiyo haikuweza kukaa pamoja na maneno yaliyoufuata. Mtunzi asiyezijua nyimbo za mzaha za nchi yake asingeweza kuutunga utungo huu hata kama angekuwa na hasira mara kumi.

Magazeti ya Weusi yalikipokea kitabu kwa mawe. Pittsburgh Courier lilitangaza kwamba ni takataka, na jingine la Chicago lilimgeuzia sifa ya malenga wa taji ikawa ya malenga duni wa Harlem. Hasira yao si ya kudharauliwa. Walikuwa watu waliokaa miaka mingi wakiuambia ulimwengu kwamba wao si walevi wala wacheza kamari, na tazama, kijana wao msomi anawatoa walevi na wacheza kamari barazani. Hughes alikuwa amekwisha kuwajibu kabla, katika insha aliyoitoa kwenye gazeti la The Nation mwezi wa Juni 1926, akidai kwamba msanii Mweusi atakayeona haya kwa ngoma ya watu wake ataishia kutaka kuwa Mzungu. Jibu hilo ni la kishujaa, lakini ni jibu la siasa ya sanaa. Halijibu kama beti zimekaa sawa.

Aliyeuliza swali hilo kwa ukali zaidi alikuja baadaye. Mwaka 1959 James Baldwin, katika New York Times, alizipima tungo teule za Hughes, akasema kwamba alistaajabia tena kipawa chake na kuhuzunika tena kwa uchache wa aliyoyafanya nacho. Hoja yake ilikuwa kwamba usemi wa Weusi una maana iliyofichwa, chungu, ambayo Hughes anaijua. Lakini badala ya kuulazimisha usemi huo uingie katika eneo la sanaa, mara nyingi ameuacha pale pale ulipo. Hukumu hiyo ina ukweli juu ya tungo kama Po' Boy Blues. Kosa lake ni kudhani kwamba sanaa ipo upande wa pili wa mto, na usemi lazima uvushwe. Bluzi ilikwisha kuwa sanaa kabla Hughes hajaishika kalamu. Kazi iliyomkabili haikuwa kuivusha, ilikuwa kujua ni kitu gani ndani yake kitakachoishi bila muziki. Na Baldwin, kwa kuisoma diwani kama mkusanyo wa vipande, aliupita kwa haraka mno utungo mkubwa ambamo kitu hicho kilikuwa kimekwisha kupatikana.

Utungo huo ni Montage of a Dream Deferred, uliotoka kama kitabu mwaka 1951. Wakati huo burudani ya Harlem ilikuwa imegeuka. Katika Minton's Playhouse, mtaa wa 118, Thelonious Monk, Kenny Clarke, Dizzy Gillespie na wenzao walikuwa wamezaa muziki mpya, bibopu, wenye mbio, wenye kukatizana, usiotaka kuchezewa dansi na wazee. Hughes aliandika mwanzoni kwamba utungo wake, kama muziki ule, una mabadiliko yanayopingana, mapigo yaliyovunjika na sauti za kuingilia kati bila adabu. Kitabu kizima ni utungo mmoja uliofanywa kwa makumi ya tungo fupi, nyingine za mistari michache tu. Mwanafunzi anamwandikia mwalimu wake, mpangaji agombana na mwenye nyumba, wazee wawili waongea barazani, tangazo la gazeti lapita. Hapana anayemaliza maneno yake. Yafaa kukumbuka kwamba Simple, mtu wa kubuniwa na Hughes katika visa vyake vya gazetini, alieleza jina la muziki huu kuwa latokana na mlio wa rungu la polisi juu ya kichwa cha Mtu Mweusi. Ni mzaha, na haukukusudiwa kuwa mzaha tu.

Lakini katikati ya vurugu hiyo kuna uzi, nao ni ule ule wa mshororo unaorudiwa. Maneno ya ndoto iliyoahirishwa yatajwa katika utungo wa kwanza, Dream Boogie, yakizama na kuibuka kitabu chote, kila mara mbele ya jambo jingine: kodi, kazi, mapenzi, rangi. Kile ambacho bluzi hukifanya ndani ya ubeti mmoja, Hughes amekifanya kwa kitabu. Utungo maarufu uitwao Harlem, ambao Lorraine Hansberry alipata humo jina la mchezo wake A Raisin in the Sun wa 1959, husomwa siku zote peke yake. Ukisomwa peke yake ni msururu wa maswali mazuri. Ukisomwa mahali pake, karibu na mwisho, baada ya maneno yale kurudiwa kwa sauti za watu wengi, ni kama mshororo wa tatu wa ubeti mrefu mno: jibu lililocheleweshwa, na linapokuja ni swali la mlipuko. Kisha kitabu chafunga kwa salamu ile ile kilichoanza nayo. Mwanzoni swali lililofuata salamu lilikuwa kamili, likitaja kitu cha kusikilizwa. Mwishoni swali laulizwa nusu, hakuna kilichotajwa. Nafasi ya chombo kujibu imeachwa wazi.

Ndani ya kitabu hicho umo pia Ballad of the Landlord, uliotungwa zamani kidogo, ambamo malalamiko ya mpangaji yageuka ghafla kuwa kelele za polisi na vichwa vya habari vya gazeti. Mwaka 1965 mwalimu Jonathan Kozol alifukuzwa kazi mjini Boston baada ya kuusomesha katika darasa la watoto Weusi. Wakubwa wa shule, tofauti na wahakiki wengi, hawakuuona kuwa ni burudani.

Haifai kunyamazia kwamba Hughes naye alitumika katika soko alilolilaumu. Mwaka 1940 alitunga utungo wa kulalamika kwamba bluzi zimechukuliwa zikapelekwa Broadway na kuchanganywa na mambo mengine hata hazifanani na mwenyewe. Mwaka 1947 alikuwa Broadway, akiandika maneno ya nyimbo za Street Scene kwa muziki wa Kurt Weill. Na alipojaribu kuurudisha muziki kwa nguvu katika ukurasa, alishindwa. Ask Your Mama, wa 1961, umeitwa kwa jina la ule utani wa vijana wa mitaani wa kutajiana mama, na pembeni mwa kila ukurasa yameandikwa maagizo kwa wapigaji: hapa ngoma, hapa filimbi, hapa kimya. Msomaji asiye na wapigaji amekabidhiwa karamu ya majina ya vyakula. Vilevile santuri ya mwaka 1958, ambamo Hughes alisoma tungo zake mbele ya kundi la Charles Mingus, yapendeza masikioni, lakini yafanya mara ya pili kile ambacho mistari imekwisha kukifanya.

Kazi moja ya siku zile yawahusu wasemaji wa Kiswahili. Mwezi wa Novemba 1960 mpiga piano Randy Weston alirekodi mjini New York muziki mrefu aliouita Uhuru Afrika, Melba Liston akiwa mpangaji wa sauti. Hughes alimwandikia maneno ya wimbo wa kumsifu mwanamke wa Afrika, na utenzi mfupi wa kudai uhuru. Utenzi huo ulitiwa katika Kiswahili na kusomwa na Tuntemeke Sanga wa Tanganyika, juu ya ngoma za Babatunde Olatunji na wenziwe. Serikali ya makaburu iliipiga marufuku santuri hiyo mwaka 1964. Kama ushairi maneno yale ni mepesi, ya mwito na itikio tu. Walakini mtu aliyekaa miaka 35 akitafuta namna ya kuishi bila sauti, mara hii aliyatoa maneno yake katika sauti ya mtu mwingine na lugha ya watu wengine, akaridhika. Mwezi wa Juni 1962 alikuwa Makerere, katika mkutano wa waandishi wa Afrika watumiao Kiingereza. Lugha ya mtaani iliyomletea Hughes matusi ilikuwa hapo na kiti cha heshima, kwa kuwa ni Kiingereza cha namna fulani. Shaaban Robert, aliyefariki mwezi huo huo, hakuwa na mlango wa kuingilia.

Hughes alifariki New York tarehe 22 Mei 1967. Aliacha maagizo juu ya mazishi yake, na hayakuwa ya hotuba. Katika nyumba ya maziko ya Harlem Randy Weston na wenziwe wawili walipiga bluzi, waombolezaji wakiwa hawajui kama watikise miguu au wainamishe vichwa. Wimbo wa mwisho ulikuwa wa Duke Ellington, Do Nothing Till You Hear from Me, maana yake msifanye lolote mpaka mpate habari kutoka kwangu, nao ulipoanza baadhi yao wakacheka.